Nyota Iliyofungua Droo ya Shangazi

Shangazi yangu ana majina mawili ya kuniita. Mbele ya wateja mimi ni "Fundi wangu". Nikikosea, mimi ni "Wewe". Ijumaa ya mkasa huu niliamka nikiwa Fundi wangu, nikawa Wewe kabla ya saa nane mchana, na jua lilipozama nilikuwa na jina la tatu ambalo mpaka leo wauza machungwa wa mtaa mzima wananiitia.

Mgahawa wake uko Ilala, karibu na Kariakoo kiasi kwamba mteja anaingia kula huku bado anabishania bei ya turubai kwenye simu. Menyu ilikuwa inaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni. Shida ya chaki ni kwamba haina shahidi. Mtu anapita na begi mgongoni, anaifuta sifuri moja ya pilau, mwenzake anaingia nyuma yake na kuapa kuwa ubao umesema mia tano. Shangazi akachoka. Akataka kila meza iwe na kikaratasi cha bei, kilichochapwa, kisichobishika, kinachobadilika kila siku kutegemea soko limeamkaje.

Mimi ndiye niliyesema, tena bila kuulizwa: "Shangazi, hilo dogo."

Nilikuwa nimemnunulia printa ya risiti kutoka kwa rafiki yangu aliyefunga duka la viatu. Printa pamoja na droo ya pesa, vyote elfu arobaini. (Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ilikuwa na meza yake na heshima zake. Sikuigusa, na naomba ieleweke hivyo na kila anayesoma.) Printa za aina hii hazina wino. Kichwa kinapata moto, karatasi inageuka nyeusi vidoa vidoa, maandishi yanatokea. Droo nayo haina akili ya kwake. Imeunganishwa kwa kiwaya kwenye tako la printa. Printa ikiamrishwa kufungua, inairushia umeme kidogo na droo inaruka nje, kacha! Ukimuuliza shangazi leo kuhusu teknolojia, atakutajia sauti hiyo tu.

Printa ilikuwa ya zamani, haina tundu la USB. Ilikuwa na tundu la siriali, la kupitishia data kipande kimoja kimoja, lile lenye pini 9 ambalo vijana wakiliona wanadhani ni la runinga. Kanuni ya siriali hiyo, RS-232, ilitungwa Marekani mwaka 1960, yaani inaizidi umri Uhuru wa Tanganyika kwa mwaka mmoja. Nikaenda Mtaa wa Aggrey nikanunua adapta ya kutoka USB kwenda siriali, ile ya plastiki ya buluu inayoonesha nyaya zake za ndani kama samaki wa dagaa. Nikaichomeka kwenye laptopu yangu inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux, ikaitika mara moja: mimi ni `ttyUSB0`. Nilifurahi kama mtu aliyeitikiwa salamu na mkwe.

Kisha shangazi akaleta sharti. Laptopu isikae kaunta. "Kaunta ni ya pesa na ya subhana," alisema, "si ya majaribio." Kwa hiyo laptopu ikakaa stoo, juu ya gunia la mchele, na printa ikabaki kaunta karibu na droo. Katikati kuna ukuta, jiko, na mita kama tisa. Siriali haina neno na mita tisa. Nikachukua waya wa mtandao, ambao ndani una nyaya nane, nikatumia tatu tu: wa kutuma, wa kupokea, na wa ardhi. Nyingine zingeiwezesha printa kuiambia kompyuta "ngoja kwanza" au "karatasi imeisha". Nikaona hizo ni mbwembwe. Printa ya nini iwe na maoni?

Alhamisi usiku, mgahawa ukiwa umefungwa, nikakaa stoo na panya wawili kama mashahidi. Nikaandika:

`cat menyu-chakula.txt > /dev/ttyUSB0`

Nieleze kidogo kwa wasioijua dini hii. Kwenye Linux karibu kila kifaa kina faili lake. Kupeleka kitu kwenye printa ni kumimina faili moja ndani ya jingine: `cat` ndiyo kata ya kuchotea, na ile alama ya `>` ndiyo mrija. Rahisi hivyo. Ndiyo maana ni hatari hivyo.

Linux ikajibu sina ruhusa. Nikatanguliza `sudo`, neno la kuomba ukubwa. Sina ruhusa. Nikaandika tena kwa herufi zile zile, polepole zaidi, kama unavyomsemesha mgeni asiyejua Kiswahili. Sina ruhusa. Kumbe `sudo` inampa ukubwa yule `cat` peke yake. Mrija unashikwa na terminali, lile dirisha la kuandikia amri, yangu mimi mlalahoi. Ni sawa na kumvisha mpishi suti, halafu sinia la kupeleka Ikulu ukalibeba mwenyewe na kandambili zako. Dawa yake ni kujiunga na kundi linaloitwa `dialout`, jina lililobaki tangu enzi za kupiga simu kwa modemu, kisha kutoka kwenye akaunti na kuingia upya. Nilijiunga haraka. Hiyo ya kutoka na kuingia upya niliikumbuka baada ya nusu saa na matusi kadhaa.

Printa ikaanza kupokea. Ikatoa hivi:

`????????????????`

Kompyuta na kifaa cha siriali lazima zikubaliane mwendo kabla, hakuna wa kumuuliza mwenzake njiani. Mimi nilikuwa nimekisia vipande vya data (biti) 115200 kwa sekunde, kwa sababu ni namba kubwa na mimi bado kijana. Printa ikawa inaniuliza mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nategemea majibu kutoka kwake. Baadaye nikagundua kuwa ukibonyeza kile kitufe cha kusogezea karatasi huku unaiwasha, inajieleza yenyewe kila kitu: 9600, biti 8, hakuna pariti, biti 1 ya kusimamia. Ilikuwa na kitambulisho shingoni muda wote, mimi nahangaika kumkisia kabila.

`stty -F /dev/ttyUSB0 9600 -crtscts`

Amri hiyo inapanga mwendo, na neno lake la mwisho linazima lugha ya "ngoja kwanza", maana nyaya zake sikuziunga. Kuanzia hapo kompyuta ikawa msemaji na printa msikilizaji, kama mahari inavyopangwa mbele ya bwana harusi.

Na ikachapa! Pilau kuku. Wali maharage. Ugali samaki. Maandishi meusi, safi, yamenyooka. Nikashuka na macho hadi mstari wa nne, nikakuta hiki:

`Nyama ya Ng鈥檕mbe`

Nilikaa nikimtazama yule ng'ombe. Herufi mbili za Kichina katikati, na "o" haipo. Nani kaichukua? Nilichapa mara ya pili, akatoka vilevile.

Asubuhi alikuja kunywa chai mteja wetu mmoja Mchina, mfanyabiashara wa Kariakoo anayeongea Kiswahili cha sokoni kuliko mimi niliyezaliwa Ilala. Nikamsogezea kikaratasi. Akavaa miwani. Akakisogeza mbali, akakirudisha karibu.

"Hii ya kwanza siijui," akasema. "Hii ya pili nayo siijui. Umezitoa wapi?"

"Kwenye ng'ombe," nikamjibu.

Akavua miwani, akaendelea na chapati yake.

Sababu niliipata kabla ya saa nne. Menyu nilikuwa nimeiandika kwenye simu, na simu ikajifanya msomi: ile alama ya ng'ombe iliyonyooka ikaigeuza kuwa iliyopinda. Iliyonyooka ni baiti moja, yaani biti nane. Iliyopinda, kwa mtindo wa kuhifadhi herufi uitwao UTF-8, ni baiti tatu. Printa yenyewe imetengenezwa China, na ikiona baiti yenye namba kubwa inajua ni Kichina kinakuja, inazisoma mbili mbili. Baiti mbili za kwanza zikawa herufi moja. Ya tatu ikabaki bila mwenza, ikamkamata aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ni "o". Nikarudisha alama iliyonyooka, ng'ombe akarudi mzima. Nilijiona mwamba. Shangazi akanitangaza kwa wauza mboga. Mpishi aliuliza kama ningeweza kumtengenezea na friji.

Sasa Ijumaa yenyewe.

Ukumbi wa shangazi Ijumaa baada ya swala hauna pa kuweka mguu. Watu wametoka msikitini na kanzu zao, madereva wamepaki bajaji hadi kwenye mlango wa jirani, pangaboi linazunguka juu kwa bidii isiyoleta upepo. Mpango ulikuwa kwamba nichape nakala moja ya mwisho ya vyakula na vinywaji, shangazi aiangalie pale kaunta akiridhika apige kelele, kisha nichape za meza zote. Nikiwa stoo simuoni na yeye hanioni. Mpango mzuri kabisa.

Kwenye folda yangu kulikuwa na `menyu-chakula.txt` na `menyu-vinywaji.txt`. Nilikuwa mvivu wa kuandika amri mbili. Na mvivu wa Linux ana rafiki yake, nyota.

`cat menyu-* > /dev/ttyUSB0`

Nyota, kwa anayetaka kujua, maana yake ni "yeyote aliyepo". Ni kama kualika harusi kwa kusema "njoo na wenzako". Kwenye folda ile kulikuwa na mwenzao mmoja niliyemsahau. Jumatano nilikuwa nimeupiga picha ule ubao wa chaki ili ninakili bei, na kwa akili zangu timamu nikaihifadhi picha kwa jina la `menyu-zamani.jpg`. Picha ya simu, baiti milioni tatu. Chakula, vinywaji, zamani: hata alfabeti ilinipangia vizuri, aliye mbaya akaja mwisho.

Nikabonyeza Enta. Mke wa jirani anayesaidia jikoni akaniletea sahani ya pilau na kachumbari. "Shangazi amesema ule kwanza, kazi haikimbii."

Kutoka ukumbini nikasikia sauti ya shangazi: "Imetoka! Jamani, imetoka!" Watu wakapiga makofi. Nikatia kijiko kwenye pilau, moyo mweupe.

Terminali haikurudisha kialama chake cha kusubiri amri. Kilibaki kijimshale tu kinapepesa. Nikakiangalia, nikajisemea inamalizia. Nikala.

Kelele za nje zikabadilika kidogo. Mtu alicheka. Mwingine akasema "Lahaula!" Nikatabasamu, maana watu wetu wakiona kitu kipya ndivyo wanavyosema. Kisha kacha. Kisha kelele kubwa zaidi. Nikajua shangazi anapokea pesa, biashara imechangamka. Kacha nyingine. Imechangamka kweli.

Mlango wa stoo ukafunguliwa kwa nguvu, akaingia kijana wa meza, mgeni wa wiki mbili, mwenye bidii inayotisha.

"Fundi, karatasi imeisha!"

"Imeisha yote?"

"Yote. Niletee nyingine haraka, bado inataka."

Naomba nihukumiwe kwa hili kuliko mengine yote. Mtu mzima mwenye akili angeuliza inakuwaje menyu mbili za mistari ishirini zimemaliza roli la karatasi. Mimi nilitafuta roli jipya nyuma ya ndoo ya mafuta, nikalifuta vumbi, nikampa kwa mikono miwili. "Lipachike upande unaong'aa ukiwa juu," nikamwelekeza. Na nikaendelea kula.

Yaliyokuwa yakitokea kaunta nimeyakusanya baadaye kwa mashahidi, na kila shahidi ana hesabu yake.

Menyu mbili zilitoka salama. Shangazi akaichana karatasi, akaibusu, akaionesha kwa wateja. Printa ikaendelea kusogeza karatasi. Shangazi akadhani ni nakala za meza. Akaangalia: Kichina. Mstari wa Kichina, mwingine, mwingine, vikichanganyika na alama za asilimia na vijisuruali vya mabano. Baada ya muda maandishi yakanenepa, kila herufi ikawa kama gumba. Yakageuka meupe ndani ya weusi. Yakasimama kichwa chini miguu juu. Haya yote yana maelezo: printa haijui picha ni nini. Kila baiti inayopita inaichukulia ama herufi ama amri, na amri ya kugeuza maandishi juu chini ni baiti mbili na ushee tu. Picha ikiwa na baiti milioni tatu za kila namna, hakuna amri itakayokosa zamu yake. Ila maelezo hayo yalikuwa stoo, yanakula pilau.

Karatasi ikafika sakafuni. Pangaboi, ambalo halijawahi kumpepea mtu tangu linunuliwe, siku hiyo likapata nguvu. Likaibeba karatasi hadi meza ya tatu, ikamzunguka shingoni mzee mmoja aliyekuwa anasubiri biriani. Mzee hakusogea. Alinyoosha kidole cha shahada na kuanza Ayatul Kursiyu.

Na hapo ndipo droo ilipofunguka yenyewe. Kacha! Pesa zote za Ijumaa, wazi, mbele ya umati.

Shangazi akaifunga kwa kiganja. Dakika kama moja baadaye, kacha! Akaifunga kwa nyonga. Kacha! Mteja mmoja kutoka nyuma: "Mama, leo unagawa?" Shangazi akamwita mhudumu mmoja akamkalisha kwenye kigoda mbele ya droo, goti limeikandamiza. Kacha! Goti na kigoda vikarudi nyuma pamoja. Shangazi anaapa ilifunguka mara ishirini. Yule mhudumu anasema nne, lakini goti lake linakubaliana na shangazi.

Watu wenye hekima wakashauri izimwe. Shangazi akachomoa waya wa umeme. Kimya. Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Akahesabu hadi kumi, akasema Bismillahi, akachomeka tena. Printa ikajisafisha koo, zrrrt, ikaendelea na Kichina kutoka pale kompyuta ilipokuwa imefika. Kompyuta haikuwa imesimama hata sekunde moja. Ilikuwa inaongea tu, iwe kuna msikilizaji au hakuna, kwa sababu kuna mwanamume mmoja aliona nyaya za "ngoja kwanza" ni mbwembwe.

Hapo ndipo sauti iliyonijua tangu utoto ilipopenya ukuta, jiko na magunia:

"WEWE!"

Kijiko kikaniganda mdomoni.

Nilipotokea ukumbini nilikuta shughuli. Karatasi imefunika kaunta, meza mbili na kichupa cha chumvi. Nusu ya wateja wamesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Nusu wamekaa kwa sababu biriani yao haijaja, na mwenye njaa hakimbii jini. Katikati amekaa yule Mchina wetu, miwani usoni, wamemkabidhi karatasi kama mita mbili aisome. Kimya kama mahakamani. Alikuwa ameigeuza kichwa chini ili maandishi yasimame, na kidole chake kinafuata mstari.

"Inasemaje?" shangazi akamuuliza, mkono kifuani.

"Mama," akasema taratibu, "ni Kichina. Lakini si maneno."

Mzee wa meza ya tatu, karatasi ikiwa bado shingoni, akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa alichokijua. "Basi ni Kichina chao wenyewe."

Mlango ukapunguza watu watano kwa mkupuo.

"Si majini!" nikapaza sauti. "Ni ubao! Ni picha ya ubao wa chaki!" Wallahi sijui kwa nini nilidhani hilo lingemtuliza mtu. Shangazi akaniangalia, akaangalia ubao wa mlangoni, akaangalia printa. Nikaona kabisa anahesabu ni nani kati yetu atolewe nje kwanza.

Nikageuka mbio. Nikajikwaa kwenye gunia, nikaangukia sahani ya pilau, nikafika kwenye laptopu kwa magoti na kubonyeza Ctrl na C kwa mkono uliojaa kachumbari. Kialama cha kusubiri amri kikarudi, kinapepesa kwa adabu, kama si chenyewe. Kule ukumbini printa ikaendelea sekunde chache zaidi, kwa baiti zilizokuwa tayari njiani na zile ilizokwishazimeza. Nikarudi nikakimbilia kuwatangazia kuwa imekwisha.

"Imekwisha," nikasema.

Kacha!

Ile ya mwisho ilimpata yule mhudumu akiwa ameshasimama, kwa hiyo tuseme hakuna aliyeumia zaidi ya pale.

Usiku nilipiga hesabu, si kwa kujitetea, ila usingizi ulikataa. Kwa mwendo wa 9600 kila baiti inachukua biti kumi, ukihesabu ya kuanzia na ya kusimamia, kwa hiyo zinapita baiti 960 kwa sekunde. Baiti milioni tatu ni dakika 52. Mimi niliikatiza katika dakika ya kumi hivi. Herufi za Kichina zinaingia 24 kwenye mstari mmoja wa karatasi ya milimita 80, yaani baiti 48. Ingeachwa imalize ingehitaji mistari zaidi ya elfu sitini, robo kilomita ya karatasi na ushee. Kutoka kaunta ingefika kituo cha daladala. Na amri ya kufungua droo inaanzwa na baiti mbili zikifuatana. Zikipangwa kibahati bahati, jozi yoyote inatokea mara moja katika kila 65,536. Kwa picha yangu ni kama mara arobaini na tano. Kwa hiyo hata shangazi na mara ishirini zake hakuwa mbali na ukweli, alikuwa tu ameutangulia.

Laini ya stoo niliibomoa jioni ile ile. Sasa hivi zipo nyaya zote, za "ngoja kwanza" na za "karatasi imeisha", na laptopu iko kaunta kwa kibali maalumu, nikiwa nimesimama mbele yake. Menyu zinatoka kila asubuhi. Ng'ombe ni ng'ombe. Mchina wetu akiletewa kikaratasi anakigeuza kwanza nyuma na mbele, kisha anaagiza wali maharage kama kawaida.

Ila niwamalizie ya jioni ile. Mgahawa umefungwa, sakafu imefagiliwa, mimi nimekaa kwenye kile kigoda cha mhudumu nikisubiri hukumu. Shangazi anahesabu pesa za droo. Nilikuwa nimejiandaa kulipa. Droo imefunguka mbele ya watu sitini, kuna vijana wa mtaani, kuna mkanyagano mlangoni. Nilishapiga hesabu ya kuuza adapta na hata simu.

Akahesabu mara ya kwanza. Akanyamaza. Akalamba kidole, akahesabu mara ya pili. Akamwita mpishi ahesabu na yeye.

"Zimepungua ngapi?" nikauliza, sauti haitoki.

"Zimezidi," akasema. "Elfu kumi na nne na mia tano."

Tulikaa tunatazamana mpaka mpishi akaelewa wa kwanza. Wale waliokimbia mlangoni walikuwa wameshalipa, na hakuna hata mmoja aliyesubiri chenji.

Shangazi akazikunja zile elfu kumi na nne na mia tano, akazitia kwenye kanga, akazifunga fundo. Akanitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimemweleza asubuhi ile ile, kwa majivuno, jinsi nyota inavyofanya kazi.

"Bwana Nyota," akasema, na ndivyo jina lilivyozaliwa, "Ijumaa ijayo uko wapi?"